Udongo umepimwa uko sawa, vumbi je? Jibu kwa mwalimu wa Misungwi

Mwangaluka Mwalimu. Swali lako nimelisoma mara mbili, na kwa wengine wanaosoma nalifupisha hivi: shule yako iko upande wa Misungwi, jirani kabisa na karasha za kusagia mawe ya dhahabu, kiangazi vumbi linaingia darasani mpaka madawati yanakuwa meupe, kamati ya shule ikachangishana hela mkapeleka udongo wa uwanjani maabara, karatasi ikarudi imeandikwa risasi miligramu 90 kwa kilo, zebaki haikuonekana, na chini pale wameandika uko ndani ya kiwango. Wazazi wametulia ila wewe hujatulia, unauliza je majibu ya udongo yanasemea na vumbi, na kama hayasemei basi vumbi lenyewe linapimwaje kwa hela ya shule ya msingi.

Hayasemei, Mwalimu. Na maabara haijakudanganya, wamepima kile mlichowapelekea na wamepima vizuri tu, ila mlichowapelekea sio kile watoto wanachovuta puani na kulamba vidoleni. Kwenye ile picha ya karatasi uliyotuma kuna mstari mdogo chini ambao watu wengi hawausomi, umeandikwa kina sentimita 0 hadi 20, chekeche milimita 2, ukaushaji nyuzi 105. Mimi mstari huo ndio niliousoma kwanza, kabla hata ya hiyo 90.

Tuanze na kina. Sentimita 20 ni kina cha bwana shamba, anachimba hivyo kwa sababu mizizi ya mahindi inafika huko. Vumbi la karasha halichimbi, linatua juu, na uwanja ambao haulimwi linakaa kwenye sentimita moja au mbili za juu. Sasa ukichimba 20 ukachanganya yote kwenye ndoo, ile tabaka nyembamba ya juu unakuwa umeizimua na udongo wa chini ambao haujawahi kukutana na karasha, ni kama kikombe kimoja cha chai ya rangi umekimimina kwenye sufuria ya maji halafu unauliza chai ina majani kiasi gani. Kwa swali lako la vumbi unakwangua juu tu, sentimita 1 mpaka 2, kwa kijiko cha plastiki au mwiko wa chuma kisichoshika kutu, sehemu tano tofauti za eneo moja, unachanganya, hiyo ndio inakuwa sampuli moja.

Halafu chekeche, hapa ndipo penye jambo lenyewe na nitakaa kidogo. Tundu la milimita 2 ni kubwa sana, changarawe ndogo zinapita. Unywele wa mtu ni kama maikroni 70 (maikroni 1,000 ni milimita moja), yaani hilo tundu ni karibu nywele thelathini zimepangwa pamoja. Mkono wa mtoto unashika chembe za chini ya maikroni 150 hivi, kubwa zaidi ya hapo nyingi zinadondoka zenyewe, kwa hiyo kinachoenda mdomoni ni hizo ndogo. Kinachopita pua na koo kikaingia kifuani ni za chini ya maikroni 10, na zile za chini ya 2.5 zinashuka mpaka kwenye vifuko vya hewa kabisa. Mchanga wa milimita moja hakuna mtoto anauvuta.

Na metali nyingi, kama hiyo risasi, hazikai sawasawa kwenye hizo saizi. Chukua kipande cha jiwe cha milimita moja kila upande, kisage kiwe vipande vya maikroni 10, jiwe ni lile lile ila eneo la nje limekuwa mara 100, na metali nyingi zikishayeyuka kidogo kwenye maji ya mvua zinaenda kujibandika kwenye hilo eneo la nje, hasa kwenye chembe za mfinyanzi na za kutu ya chuma ambazo zenyewe ni ndogo sana. Kingine, mawe yetu ya dhahabu mengi ni kwazi, ile nyeupe ngumu, ikipigwa inabaki mchanga, lakini ule ung'aaji wa rangi ya shaba na wa kijivu ambao wachimbaji wanaufurahia wakiuona, yale madini ya salfa, ni laini kuliko kwazi na yanasagika haraka yakawa unga. Kwa hiyo mchanga unabaki na kwazi isiyo na kitu na unga unabeba mzigo.

Tufanye hesabu ya mfano tu, sio matokeo ya shuleni kwako. Gramu 100 za udongo, 80 ni mchanga wenye risasi miligramu 40 kwa kilo, 20 zilizobaki ni unga laini wenye 290. Zidisha 80 kwa 40 upate 3,200, zidisha 20 kwa 290 upate 5,800, jumlisha ni 9,000, gawa kwa 100 unapata 90. Ile ile 90 ya karatasi yako. Mamlaka ya mazingira ya Marekani mwaka 2024 ilishusha kiwango cha kuanza kuchunguza udongo wa makazi kutoka 400 kwenda 200, kwa hiyo 90 iko chini na 290 iko juu, na vyote viwili vimetoka kwenye kiroba kimoja. Siwezi kukwambia kwako ni hivyo, nakwambia karatasi uliyonayo haiwezi kutofautisha.

Na isionekane kwamba unga siku zote ndio mbaya zaidi, hapana. Udongo uliomwagiwa marudio, yaani mabaki ya mawe yaliyokwisha kutolewa dhahabu, ambayo karasha ilishayasaga yote yakawa laini, tofauti kati ya unga na udongo mzima inakuwa ndogo, na sehemu yenye vipande vya mawe yenye madini unaweza kukuta vile vikubwa ndio vina nyingi. Ndio maana napenda maabara ipime vyote viwili kwa sampuli moja, uliopita milimita 2 na uliopita maikroni 150, na hela ikiruhusu na maikroni 63 pia, ukiona namba inapanda kadri chekeche linavyokuwa dogo basi umejua vumbi lako linabeba zaidi ya udongo wako.

Waulize pia chekeche lao ni la nini. Hili limenikuta mwenyewe, miaka ya nyuma nilichekecha sampuli arobaini na kitu kwenye chekeche la shaba nyeupe (shaba iliyochanganywa na zinki), lile la rangi ya dhahabu zuri kabisa, majibu yakaja shaba na zinki ziko juu kila mahali, hata kwenye mchanga safi niliouweka makusudi kama sampuli ya kujipima. Kuangalia zile waya kwa lenzi nikaona zimelika zinang'aa upya, yaani kila nilipotikisa nilikuwa nachanganya chekeche na udongo. Wiki tatu za kazi tulirudia upya. Tangu hapo kwa kupima metali natumia chekeche la nailoni au la chuma kisichoshika kutu, na kila sampuli kumi moja inakuwa mchanga safi unaopita njia zote zile zile.

Zebaki sasa. Nyuzi 105 ni joto la kukausha udongo wa kawaida ila kwa zebaki sio sahihi, kwa sababu zebaki inaruka kuwa mvuke hata kwenye joto la chumbani, ukiiweka kwenye oveni usiku mzima sehemu yake inaondoka kabla hujaanza kupima. Udongo wa zebaki unakaushwa kivulini au kwenye hewa ya kawaida, na majibu unayarekebisha kwa unyevu uliopimwa kwenye kipande kingine. Halafu hilo neno haikuonekana lina kiwango chake nyuma. Kama walitumia ile XRF ya kushika mkononi, mashine inayosoma madini kwa eksirei, yenyewe zebaki ya chini ya kama miligramu 10 kwa kilo haioni vizuri, kwa hiyo haikuonekana inamaanisha iko chini ya pale mashine inapoishia kuona, haimaanishi haipo. Zebaki ya chini inapimwa kwa njia ya mvuke baridi au kwa ile mashine inayoichoma sampuli na kuukamata mvuke wake kwenye dhahabu. Na wanaochoma zebaki ili wabaki na dhahabu wakiwa karibu na shule, mvuke huo unapita kwenye filta ya vumbi kama haupo, lazima ukamatwe kwa kimrija maalumu, filta peke yake itakwambia hewa ni safi.

Kitu kingine nilichokikosa kwenye karatasi ni aseniki. Kwa miamba yetu ya Kanda ya Ziwa hiyo ndiyo ningeiulizia mwanzo kabisa, kwa sababu dhahabu ya huku mara nyingi inatembea na madini ya salfa na mojawapo ni lile lenye chuma na aseniki pamoja. Ila ukiomba ipimwe kwa XRF jua kwamba mstari mkuu wa aseniki, yaani alama ya nishati ambayo mashine inaitambulia, na mstari mmoja wa risasi vinaangukia karibu sehemu moja, kilo-elektronivolti 10.5 hivi kwa vyote viwili, kwa hiyo risasi ikiwa nyingi aseniki inafunikwa na namba unayopewa inayumba. XRF ni nzuri kwa kuzunguka uwanja mzima siku moja na kujua wapi pabaya, na udongo uwe mkavu na umesagwa maana unyevu unashusha namba. Kwa jibu la kusimamia mbele ya halmashauri au NEMC, wasimamizi wa mazingira wa taifa, chukua sampuli chache ziyeyushwe kwa asidi zikapimwe kwa AAS au ICP, mashine za maabara zinazopima metali kwenye maji hayo ya asidi. Ofisi ya Kanda ya Ziwa ya Mkemia Mkuu wa Serikali iko hapa hapa Mwanza, na GST, taasisi ya jiolojia ya Tanzania, wako Dodoma, wapigie wote uliza bei na uliza wanaweza kupima kwenye unga wa chini ya maikroni 150, usipeleke mzigo kabla hujauliza.

Haya, vumbi lenyewe sasa. Njia ya bei ndogo kuliko zote na naiamini sana ni kutafuta mahali ambapo vumbi limejitunza lenyewe. Panda kiti, angalia juu ya fremu ya mlango wa darasa, juu ya kabati, juu ya ile boriti ambayo hakuna anayefuta. Pitisha kidole uone: lile vumbi ni laini kama poda, linaingia kwenye mistari ya ngozi na ukipuliza haliondoki lote. Hilo limetua kutoka hewani, halijaletwa na viatu, na limekusanya kiangazi kizima bila wewe kulipa pampu. Nunua brashi mpya ya rangi, moja kwa kila chumba, fagia taratibu ndani ya bahasha ya karatasi, gramu tano zinatosha, andika tarehe, chumba, upande gani wa jengo. Epuka sehemu rangi inapobanduka maana rangi za zamani zinaweza kuwa na risasi ndani, na epuka chini ya mabati moja kwa moja, mabati yamepakwa zinki, nimewahi kuona mtu analaumu mgodi kwa zinki iliyotoka kwenye paa lake.

Unahitaji na mahali pa kulinganisha, hii watu wanairuka halafu majibu yanakosa maana. Tafuta shule au zahanati ya mbali na karasha, yenye udongo wa aina ile ile, isiwe kando ya barabara ya vumbi, fagia juu ya milango yao vile vile. Maabara ikupe na titani, sio kwamba ina madhara, ni kwa sababu iko kwenye udongo wa kila mahali na karasha haiongezi sana. Unagawa aseniki kwa titani ya kwako, unagawa aseniki kwa titani ya kule mbali, kisha ya kwako unaigawa kwa ya kule. Ikitoka kama 1 basi hilo ni vumbi la udongo wa asili tu, ikitoka 5 au 10 kuna kitu kinaongeza. Ila hakikisha miamba ya sehemu zote mbili inafanana, usije ukalinganisha udongo mwekundu wa mlimani na mchanga wa ufukweni.

Mkipata mfadhili wa kupima hewa yenyewe, mambo yanakuwa ya kunyonya hewa kwa pampu kupitia filta, na mbele ya filta kuna kichwa kinachotupa chembe kubwa ya maikroni 10 kwenda juu. Pampu ya kawaida inavuta lita 16.7 kwa dakika, kwa masaa 24 ni mita za ujazo 24. Filta inapimwa uzito kabla na baada, kwenye chumba chenye joto na unyevu uliotulia, kwa mizani inayosoma maikrogramu. Mfano filta imeongezeka miligramu 1.2, gawa kwa 24, ni maikrogramu 50 za vumbi kwa kila mita ya ujazo, na WHO tangu 2021 inasema kwa masaa 24 isizidi 45. Filta hiyo hiyo ukiiyeyusha ukakuta risasi maikrogramu 4.8, gawa kwa 24 ni 0.2, na mwongozo wa WHO kwa risasi ni 0.5 kwa wastani wa mwaka, kwa hiyo hewani iko chini. Ila geuza hesabu, 4.8 kwenye miligramu 1.2 za vumbi ni sawa na miligramu 4,000 kwa kilo, na vumbi hilo hilo likitua kwenye dawati na mtoto akala muhogo juu yake, habari inakuwa nyingine kabisa. Hewa inaweza kufaulu na dawati likafeli, ndio maana mimi huwa sikubali kipimo kimoja.

Zile pampu ndogo za kuvaa shatini zinavuta lita 2 kwa dakika, siku ya shule ya masaa sita ni mita za ujazo 0.72 tu za hewa, kwa hewa ile ile ya maikrogramu 50 vumbi la filta unakuta ni maikrogramu 36 tu, gusa filta kwa kidole umeharibu. Filta iwe ya tefloni, zile za nyuzi za kioo zenyewe zina zinki na bariamu. Filta moja kwa kila kumi ipelekwe uwanjani irudi bila kuvutishwa hewa, na umeme ukikatika andika muda halisi pampu iliyofanya kazi, usiandike 24 kwa sababu ulipanga 24. Na vile vimashine vya leza vinavyosoma vumbi kwenye simu vinahesabu mwanga tu, metali havijui, na asubuhi hewa ya ziwani ikiwa na unyevu chembe zinavimba na namba inapanda yenyewe.

Kuhusu ziwa, hili ni la huku kwetu. Mchana nchi kavu inapata joto upepo unatoka ziwani kuja nchi kavu, usiku unageuka unaelekea ziwani. Ukiacha filta moja masaa 24 umechanganya upepo uliopita karasha na upepo uliotoka majini, wastani unakuwa wa uongo. Weka filta ya mchana na filta ya usiku, funga utepe juu ya mlingoti wa bendera, mwanafunzi mmoja aandike kila saa unaelekea wapi na karasha zinasaga au zimezimwa. Daftari hilo lina thamani sawa na filta.

Umeuliza pia kama yanaweza kutokea ya Nigeria. Kule Zamfara mwaka 2010 walikuwa wanasaga mawe ya dhahabu majumbani, mawe yenye risasi nyingi kupita kiasi na ya aina inayoyeyuka kirahisi tumboni, watoto zaidi ya 400 walikufa. Mawe yetu sio yale na sitaki uwatishe wazazi, ila njia ya sumu ni hiyo hiyo, vumbi, kidole, mdomo. Kama namba za unga zikija juu, omba maabara ipime kiasi kinachoyeyuka kwenye maji yenye asidi kama ya tumboni kwa joto la mwili, maana risasi iliyofungwa ndani ya madini ya salfa inatoka kidogo kuliko ile iliyokwisha kuoza na hewa na mvua. Na hapo damu za watoto wachache zipimwe kupitia mganga wa wilaya, WHO inasema kuanzia maikrogramu 5 za risasi kwa desilita ya damu chanzo kitafutwe kiondolewe.

Na hata metali zote zikija sawa, Mwalimu, vumbi la karasha bado ni kwazi. Wale vijana wanaojaza unga kwenye viroba ukiwaangalia mchana kope ni nyeupe, kile wanachovuta ni silika, inaharibu mapafu na kuongeza hatari ya kifua kikuu, na hakuna kipimo cha metali kitakachoionyesha, inapimwa kivyake kwa mionzi. Kwa hiyo karatasi ikisema hakuna risasi usikubali mtu akaigeuza kuwa ruhusa ya karasha kukaa dirishani kwa darasa.

Kwa sasa hivi madawati yafutwe kwa kitambaa chenye maji kabla ya uji, darasa lisifagiwe kavu watoto wakiwa ndani, mikono inaoshwa kwa sabuni kabla ya kula. Ila kabla hujafuta chochote chukua kwanza yale ya juu ya fremu za milango, na ule udongo wa juu wa uwanjani ukwanguliwe kabla ya mvua za vuli kuanza, zikinyesha zinaosha unga wote unashuka mtoni, na itabidi usubiri mpaka kiangazi kingine.